Bahasha ya Kumi na Tisa

Zahanati ya Kitangari, foleni imefika mlangoni.
Kidonge kimoja cha presha, au viwili, asubuhi na jioni?
Vyote tunavigawa miaka yote.
Kipi bora kwa watu wa huku, hata daktari hajui.

"Kwa hiyo mnabahatisha?" akauliza Bi Somoe Nantindi.
Tulibahatisha jana, mama. Leo tunaandika.
Akacheka, akaweka dole gumba.
Nikachana bahasha: kimoja.

Nimeandika yote. Kwamba msimu wa korosho
alilala shambani wiki mbili, vidonge vikabaki nyumbani.
Kwamba alimgawia shemeji yake sita.
Kwamba huvimeza na uji,
na siku ambayo hakuna uji, vinasubiri.

Utafiti wa hospitali kubwa ungemkataa:
umri, sukari, goti, kusahau.
Huu umemtaka pamoja na kusahau kwake.

Januari karudi. Mia na arobaini kwa tisini.
Si haba. Ila mmoja si jibu;
tunawangoja wenzake mia sita, mpaka Tandahimba.

Akafunga kadi kwenye pindo la khanga.
"Mkishajua, mje mniambie.
Msiwaambie wa Dar peke yao."

Nikaliandika na hilo, pembeni.
Fomu haikuwa na nafasi yake.