Makabidhiano ya Funguo

Nanjala, funguo ni saba.
Ule wenye uzi mwekundu ni wa lango,
huu mdogo ni wa stoo ya kuni,
na huu wenye kutu
sijui ni wa nini. Nami niliukuta.

Choo cha pili hakina bawaba ya juu.
Uinue mlango kwanza, ndipo usukume.
Usipouinua utakuangukia kifuani
kama ulivyomwangukia yule mwalimu wa Molo
aliyejaza kurasa mbili za kitabu cha wageni
na neno “aibu” akalipigia mstari mara tatu.

Sasa, nyani.
Watafika saa kumi na mbili na nusu,
jua likigusa migunga ya upande wa ziwa.
Hawaji kwa fujo, watu wasikudanganye.
Wanakuja kama wafanyakazi wa zamu:
mmoja paa la jiko, wawili mapipa,
kina mama, watoto mgongoni,
wakipita katikati ya mahema wakipapasa zipu.
Zipu wanazijua.
Yule mwenye sikio lililokatika namwita Karani.
Hufungua hema polepole asiamshe mtu,
huchukua mkate, huacha dawa ya meno.
Juzi alichukua na dawa ya meno.

Manati usitumie. Mimi nilitumia.
Jiwe halikumpata nyani, lilipata kioo cha gari,
nikakatwa mshahara miezi miwili.
Pilipili nilipaka.
Walijipangusa kwenye nyasi, wakarudi.
Nyoka wa plastiki nilimnunua sokoni Nakuru,
wakamwogopa siku tatu;
ya nne nikamkuta mtoto wa nyani
anamburuta kama kamba ya kuchezea.

Ngiri hana neno, ila huchimba pale unapofagia.
Pimbi wanaishi darini, juu ya bafu.
Lile doa la manjano si la mvua.
Mgeni akikuuliza, mwambie ni la mvua.

Bwana Ogada wa Ahero alileta wajukuu watano
na keki ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wao.
Karani aliifikia kabla ya kisu.
Mtoto alilia hadi nyani alipopiga chafya,
sukari ikaruka kama vumbi la unga,
ndipo akacheka.
Babu yake hakucheka.
Alinitazama mimi, si nyani,
nikaona haya kwa pipa nisilolinunua.

Maana maneno yote yako hapo, Nanjala:
mapipa hayana vifuniko.
Niliandika ofisini: vifuniko kumi na viwili,
bawaba moja, koki moja.
Nikaandika tena baada ya Pasaka.
Likaja bango: USIWALISHE NYANI.
Tukalisimika kando ya pipa lililo wazi,
na Karani akakaa juu yake
akila ganda la tikiti.
Wanasema nyani haoni kundule.
Nenda nyuma ya jiko letu ukatazame,
uniambie ni nani asiyeona.

Koki niliinunua mwenyewe, shilingi mia nne na hamsini.
Miaka mitatu bomba lile lilikuwa likivuja,
na usiku nilipolifunga
kimya kilinikosesha usingizi.
Alfajiri nikamkuta Karani amechuchumaa mbele yake.
Akaitazama koki. Akainusa.
Akaizungusha kwa vidole viwili,
akanywa, akapangusa kidevu,
akaenda zake, maji yakimwagika nyuma yake,
kama mgeni yeyote.

Kwa hiyo kabla ya chai, pita ukafunge bomba.
Ukisikia mtu anapiga kelele hemani,
nenda taratibu, usikimbie,
ukikimbia wote wanakimbia.
Chukua ufagio. Si wa kupiga,
ni wa kushika.

Na ule ufunguo wenye kutu usiutupe.
Huenda siku moja wakaleta mlango wake.