Fimbo ya Kupimiwa

Lindqvist alinipima mkono kama fundi cherehani,
bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kidole cha pete,
akaandika, akakohoa, akataka nusu ya fedha mbele.
Miezi minne. Theluji ya Duluth ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena.

Kabla yake nilicheza na fimbo za ukumbini,
zimepinda kama ahadi ya mdeni,
na kila mpira uliokataa tundu
ulikuwa na mshitakiwa wake.
Mbaazi mimi; jua langu lilining'inia ukutani, namba saba.

Hii haijapinda. Wakia kumi na tisa,
ncha ya ngozi, jina limechongwa kitakoni: Mwinyikondo.
Ikigusa mpira mweupe, kiganja kinajua kabla ya jicho
kwamba nimekosea, na kwa unywele upi.

Jumanne Darlene wa posta alinifunga
kwa fimbo ya ukutani, namba saba ileile,
chaki kaipaka kizembe, huku akitafuna karanga.
Mpira wangu mweusi ulisimama mdomoni mwa tundu,
ukanitazama.

Nikaifuta fimbo, nikailaza mkobani.
Nje, hata jua la kusingizia hakuna.

Ni kiwiko.
Miaka kumi na mmoja, kumbe ni kiwiko.