Nusu ya Jiwe

Hapa Majengo mawe ni wadogo zangu.
Nilikuwa na miaka tisa yalipozaliwa,
Januari ile, yakiteremka mekundu toka mlimani.
Yaliingia sebuleni bila hodi,
yakakaa.
Baba akaja kuyaponda kwa nyundo ya kilo tano,
akajenga juu yake. Goma tunayaita makoro.
Leo tunalala juu ya paa
la nyumba tuliyokuwa tukilala.

Wiki jana dereva wa lori kutoka Kampala
alinikabidhi kitu kizito ndani ya soksi:
nusu ya jiwe, limejikunja kama mkia wa kinyonga,
upande wa mkato linang'aa kama sahani.
Kibandiko cha bei bado kipo.
Mia mbili, imekatwa. Mia na ishirini, imekatwa.
Na karatasi yenye mwandiko wa Kalinda,
kaka yangu, aliyeondoka kwenda Ulaya
akaishia Moroko, mahali penye vumbi,
akiwauzia watalii mawe yaliyosuguliwa.

"Nabintu, hili lilikuwa mnyama.
Wanamwita amonaiti. Jangwa hili lilikuwa bahari.
Alijenga chumba; akikua, kikambana;
akajenga kingine mbele, akahamia,
akaziba ukuta nyuma yake.
Hakubomoa hata kimoja. Alivibeba vyote,
vitupu, na utupu huo ndio uliomfanya aelee."

Asifiwe, mwanangu, amevihesabu kwa ncha ya kalamu:
ishirini na saba, kisha vinakuwa vidogo mno.
"Mwenyewe yuko wapi?"
Nikamwonyesha mdomoni, chumba cha mwisho,
kimejaa tope lililogeuka jiwe.

Makoro yetu ukiyapasua
unakuta vitundu tu, pumzi ya mlima.
Lakini chini ya saruji hii, najua,
kuna cherehani ya mama, sufuria ya maharagwe,
na mlango ambao Kalinda alijipima kwa mkaa
kila Pasaka, mistari ikipanda
mpaka kwenye kiwiko cha baba.

Pembeni mwa barua, kwa herufi zilizobanana:
"Kuna mrija mwembamba ulipita vyumba vyote
mpaka kile cha kwanza, kama punje ya ulezi."
Hakuandika anarudi lini.

Usiku umeme ulipokatika
tuliutafuta kwa tochi ya simu.
Asifiwe anasema ameuona.
Mimi nadhani umebaki
kwenye nusu aliyonayo yeye.