Mkanda wa Jeshi

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua chumba cha panya,
ghorofa ya tatu, Tononoka, feni moja nzima, moja mgonjwa.
Weusi huku, weupe kule. Koo mbili,
wameoana ndani kwa ndani vizazi sijui vingapi
hata panya mmoja amekuwa panya wote.

Namtia mweusi kwenye mrija wa plastiki. Haumii.
Hawezi kugeuka tu.
Panya ni wa usiku; asubuhi yetu ndiyo usingizi wake.
Saa mbili za kutogeuka, kisha tone la damu,
kisha mimi, darubini, na kidude cha kuhesabia:
ta, ta, ta.
Askari weupe, jana mia, leo arubaini.
Hawakufa. Wameacha barabara tupu,
wengine wamejibanza chini ya ngozi,
wengine sijui.

Jioni narudia. Mrija uleule, mkono wangu uleule,
na hesabu ya mweusi haishuki.
Mweupe ndiye anayeporomoka.
Daktari Mwakio husema, "Andika saa.
Bila saa umeandika uongo."

Naandika saa.

Nyumbani, Mikindani, ilani ilibandikwa mlangoni
kwa uji wa unga: siku thelathini, mhame.
Kaka zangu waliisoma pamoja, tumbo moja, ziwa moja.
Ruwa alicheka, akaibandua, akafunikia kikombe cha chai.
Akalala, akakoroma.
Chengo hakunena. Akaenda zamu ya usiku Kilindini,
kufunga makontena kwa minyororo
saa ambazo damu yake yadhani amelala.

Wiki ya tatu akavua shati.
Toka uti wa mgongo hadi karibu na kitovu
malengelenge yamepanga mstari, mekundu, yanang'aa,
hata upepo wa pazia ulimfanya auume mto.
"Mkanda wa jeshi," mama akasema. "Ni jicho la nani hili?"
Ruwa akauliza, "Mbona mimi sina? Ilani si ileile?"

Jibu nilikuwa nalo, nusu.
Tetekuwanga ya utotoni haikutoka mwilini mwake.
Ilijilaza kwenye mshipa miaka ishirini na sita
ikisikiliza nyayo za mlinzi,
mpaka usiku mmoja hazikupita.
Kwa nini hazikupita kwake, na kwa Ruwa zikapita,
hiyo ndiyo nusu nyingine.
Nikamwambia mama anipe maji ya kumezea vidonge.

Leo nimemtia mweupe kwenye mrija.
Moyo wake unagonga plastiki, nausikia kwa kidole gumba,
na wangu unamjibu.
Nimeandika ukoo. Nimeandika saa.
Safu ya "mengineyo" nimeiacha wazi,
ingawa ilikuwa siku ya ishirini na tisa
na kooni nilikuwa nimeanza kuwashwa.