Mbonyeo

Nililinunua kwa dola mia tisa na pai mbili za nyama.
Pai zilikuwa wazo la Noeline Tuffery:
mia tisa tupu, alisema, ni kama msiba usio na chakula.
Silinda tatu, milango miwili, rangi ya maziwa yaliyolala,
na redio isiyoshika stesheni
ila moja, ya bei za kondoo mnadani.

Mimi niliyeendesha lori la maziwa miaka ishirini na sita,
tani arobaini zikinisukuma mgongoni kila mteremko,
leo nakunja magoti hadi kidevuni,
na tukifika kilima cha kwa akina Rata
naegemea mbele, kana kwamba mwili wangu ndio gia ya nne.

Rahisi ghali, walinionya klabuni.
Labda. Lakini mfuko wangu wa fimbo za gofu
una thamani kupita gari linaloubeba,
na ndio unaokaa kiti cha mbele, umefungwa mkanda,
Huia akiwa nyuma, kofia yake mapajani.
Hasemi kitu. Ananitazama kwenye kioo.

Uwanja wetu nao si wa matajiri.
Uko nje kidogo ya Tuatapere: mashimo tisa, kondoo mia na ushei,
waya wa umeme kuzunguka kila shimo wasije wakalala humo,
na sanduku la bati langoni. Weka dola kumi na tano;
hakuna anayekuangalia isipokuwa upepo
utokao kwenye barafu bila kupiga hodi.

Sasa basi, lile pigo.

Shimo la saba. Jumanne. Fimbo namba tano,
maana upepo ulikuwa unanirudishia hata mate.
Nilipiga vibaya. Niseme kweli, nilipiga vibaya sana.
Mpira ukakata kulia kama mtoto aliyeitwa na bibi yake,
ukagonga nguzo ya ua, ko,
ukarudi juu ya paa la gari langu
nililoliegesha pasipoegeshwa, ndu,
ukapaa, ukashukia mgongoni mwa kondoo
ambaye hakuacha kutafuna,
ukateleza kwenye manyoya, ukapita chini ya waya,
ukatambaa, ukatambaa,
ukasita ukingoni kama mgeni mwenye haya,
ukaingia.

Nikageuka.
Desmond Laidlaw alikuwa nyuma ya majani ya harakeke,
marefu kama mapanga, akijisaidia.
"Umepiga?"
"Nimepiga."
"Umeenda wapi?"

Jibu la swali hilo nalitafuta tangu Machi.
Desmond alikuwa mhasibu; ameona vitabu vya watu.
Alichungulia shimoni, akatazama mikono yangu,
akaandika *moja* kwenye kadi, kwa wino hafifu,
kama mtu anayesaini deni la shemeji.

Usiku huwa nawaza: pigo zuri ni la mpigaji, hilo halina ubishi.
Lakini pigo baya lililoishia pazuri, ni la nani?
La nguzo? La kondoo?
Gari la maana lingepiga king'ora,
lingemwandikia barua mtu wa bima.
Langu lilipokea, likapitisha,
kama watu wanavyopasiana chumvi mezani.

Wiki iliyopita alikuja mwanafunzi kutoka Invercargill kulitazama.
Akapitisha kidole juu ya mbonyeo,
akaniomba nipunguze hamsini.
Nikamwambia, kijana, bila huo lingekuwa mia tisa.
Kwa huo ni elfu moja.
Akadhani natania.
Huia, dirishani, alicheka mpaka akavua miwani.

Jana nimerudi shimo la saba.
Nimeliegesha palepale, nikapima kwa hatua,
nikamsubiri hata kondoo, au ndugu yake, akae sawa.
Desmond akasimama karibu, macho kayakodoa, hapepesi.
Nikapiga. Pigo safi, la kitabuni, bega likageuka vizuri,
mpira ukanyooka hewani kama uzi,
ukapita juu ya ua, juu ya gari, juu ya kila kitu,
ukatumbukia mtoni.