Visigino

Mwezi wa tatu, nesi wa shule alinisimamisha ukutani,
akateremsha kipande cha ubao utosini mwangu
taratibu, kama mtu anayefunika sufuria,
akasoma kwa sauti ambayo ingefika Busan:
mia na sitini na tatu nukta nane.
Nikamwomba anipe sitini na nne kamili.
"Kalamu haina huruma, Dogyeom. Anayefuata."

Mama alikuwa ameshasikia kila tiba.
Maziwa lita moja. Mizizi iliyochemshwa hadi ikawa lami.
Kuning'inia kwenye chuma cha mlango kama koti la mgeni.
Na usingizi: mtoto, alisema, hurefuka kuanzia saa nne usiku,
saa ambayo sisi tulikuwa bado madawatini
tukijisomea kwa lazima,
mifupa yetu ikitusubiri nje getini
kama mzazi aliyelala ndani ya gari.

Basi nikanunua visigino.
Vipande viwili vya jeli, rangi ya kamasi,
ndani ya boksi lisilo na jina.
Unavitia kwenye soksi, si kwenye kiatu,
maana kwetu viatu huvuliwa mlangoni
na uongo wa kiatuni haufiki sebuleni.
Sentimita mbili na nusu.
Nilitembea kama mtu anayeshuka ngazi isiyokuwepo.

Beomsu alikaa nyuma yangu, mabega kama kabati.
Ndiye aliyetugawia majina: mimi Kifutio,
mwingine Nusu Tiketi,
na Hwichan, mbavu zake zikihesabika juu ya shati, Antena.
Kila jina jipya tulilicheka kwa nguvu.
Ukicheka la mwenzio, lako linapumzika.

Kisha bibi yake Hwichan akafariki.

Tulikwenda tisa, na sare zetu, baada ya vipindi,
kwenye ukumbi wa msiba chini ya hospitali, Daegu.
Hwichan alitupokea katika suti nyeusi ya kukodi,
mikono ya koti imemmeza hadi kwenye kucha.
Bibi alikuwa pichani, katikati ya maua meupe,
akitabasamu kama aliyemficha mtu peremende.

Tukajipanga safu mbili. Tukapiga magoti.
Mtu akiinama namna ile, paji la uso sakafuni,
nyayo zake humtazama aliye nyuma.
Aliye nyuma ya Beomsu nilikuwa mimi.

Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu.
Kwenye tundu, jeli. Rangi ileile.
Nene kuliko yangu.

Mficha maradhi, kifo humfichua, husemwa.
Sikujua kwamba kinaweza kuwa kifo cha mtu mwingine.

Walitupa supu nyekundu ya ng'ombe, tukaketi chini,
na tukiketi, nikaona, tisa wote tunalingana.
Hwichan akaja, akakaa, hakula.
Akatusimulia fremu ya mlango wa jikoni kwao:
bibi alimpima hapo kila mwaka kwa penseli,
naye akampima bibi, kwa kulipiza.
Alama zake zikapanda. Za bibi zikashuka.
"Tulipishana nilipokuwa darasa la tano," alisema.
"Siku hiyo alinikaangia mayai matatu, akalia kidogo.
Mimi nilidhani ni kitunguu."
Beomsu aliinamia bakuli lake.
Hakuna aliyemwita mtu Antena jioni ile.

Jumatatu nilivivaa tena, msinione shujaa.
Lakini chooni, tukinawa mikono, sisi wawili tu,
Beomsu alitazama bomba, akauliza polepole:
"Zako ngapi?"
"Mbili na nusu."
Maji yakaendelea kumwagika.
"Zangu tatu na nusu," akasema. "Zinauma, aisee.
Nikipanda ngazi, zinauma kama jino."
Nikafunga bomba langu. Yeye akaacha lake wazi.

Siku hizi anapoinuka kujibu swali
huwa nasikia ule mlio mdogo, kama chura,
nami nasukuma kiti changu kwa kishindo
usisikike.