Jino Halikupigiliwa

Gari letu la kliniki limezima injini
kusini mwa Mandalgovi, penye changarawe na upepo mtupu.
Nje, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Ndani, taa moja, kiti kimoja,
na Dashzeveg, mfugaji wa ngamia, kavua kofia
lakini si buti.

"Ling'oe," ananiambia. "Linacheza kama mlango wa zizi."

Naweka ncha ya kidole juu ya gego, nabonyeza.
Kweli linacheza.
Lakini hata jirani yake, lililo zima, linacheza kidogo,
unene wa unywele, pengine chini ya hapo,
na ndivyo linavyotakiwa.
Watu hudhani jino limepigiliwa mfupani kama msumari.
Halikupigiliwa. Limetundikwa.

Kati ya mzizi na taya pana upenyo
mwembamba kuliko ukucha wa mtoto,
na humo nyuzi, maelfu kwa maelfu,
upande huu zimezama kwenye saruji ya mzizi,
upande ule kwenye ukuta wa mfupa,
na jino katikati, chungu ndani ya susu.
Utafunapo nyama ya kondoo nyuzi hukazika,
uzito hugawanyika,
mfupa huvutwa badala ya kupondwa.
Mfupa hupenda kuvutwa.
Usipovutwa, husinyaa.

Nyuzi hizo ndizo zikuambiazo
kuwa kwenye supu mna chembe ya mchanga
kabla akili haijafika.

Na juu ya yote, ufizi:
kola ya waridi iliyobana shingo ya jino,
vumbi lisiteremke.

"Yako imelegea," namwambia, namwekea kioo.
Ukoga wa miaka, mgumu kama gaga la birika la chai.
Ufizi mwekundu, unaovuja damu kwa kuguswa tu.
Chini yake mfupa umerudi nyuma kimyakimya,
pasipo maumivu, na hapo ndipo ubaya wake.
Jino lenyewe halina hata tundu.
Kilichokufa ni kilicholishika.

Anacheka mdomo wazi, vyombo vyangu vyote vimo ndani.
"Daktari, nimehamisha hema langu mara mia na ngapi sijui.
Mimi ndiye wa kufundishwa kamba?
Upepo hauangushi hema.
Huliangusha aliyeona uvivu kukaza jioni."

Chuoni, Ulaanbaatar, nilizichora nyuzi zile
kwa penseli tano za rangi, nikapata alama sabini.
Sentensi kama hiyo sikuiandika.

Ganzi. Tunangoja. Upepo unalisukuma gari.
Gego linatoka bila ubishi,
na kwenye mzizi zimeganda nyuzi tatu, nne,
zilizokataa kuachia.

Mlangoni mjukuu wake, Enerel, miaka sita,
anasukuma jino la mbele kwa ulimi,
nalo linacheza, tena kwa fahari.
Lake ni habari nyingine: mzizi umeyeyushwa
na mwenyeji mpya apandaye kutoka chini.
Likitoka watalifunika kwa mafuta ya kondoo
wampe mbwa mchanga alimeze,
ili lijalo liwe na nguvu za mbwa.

"Na langu?" Babu analigeuzageuza kiganjani. "Nalo apewe mbwa?"

"Lako halina lijalo."

Ananyamaza. Naona ulimi wake
ukitembea ndani ya shavu, ukilipima pengo,
ukirudi, ukilipima tena.
Kisha analitia jino kwenye mfuko wa tumbaku,
anafunga vifungo vya joho mpaka kidevuni.

"Miswaki bei gani?"

"Bure."

"Nipe mitatu."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili," anasema, akishuka ngazi.
"Na mbwa."